Vichwa Visivyoinama

Emiliana alipopepeta alizeti yake msimu ule, upepo ulichukua makapi, kisha ukachukua na punje. Alisimama uani kwake Haneti, ungo mikononi, akaziangalia zikiruka na kuangukia ng'ambo ya zizi la mbuzi. Mtu mwingine angelia. Yeye aliweka ungo chini, akaenda kuokota chache zilizoruka, akazipasua kwa ukucha. Ganda lilikuwa zuri, jeusi lenye mistari, limefunga pande zote. Ndani hamkuwa na kitu.

"Sasa wewe umekuaje bila kiini?" aliiuliza punje.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na tangu utoto wake alijulikana kwa maswali. Mumewe Yohane, fundi ujenzi aliyeshinda miezi kwenye majengo ya serikali kule Mtumba, alizoea kuwaambia wenzake kwamba nyumbani kwake hakuna redio kwa sababu mkewe anatosha, tena yeye haishiwi betri.

Msimu ule watu wa Haneti waliuanza kwa matumaini makubwa. Serikali ilikuwa imeleta mbegu za alizeti za ruzuku, ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula kutoka nje. Gari la matangazo lilipita vijijini. Bibi shamba wao, Elieth, binti wa Upareni aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alizunguka nyumba kwa nyumba na pikipiki aliyopewa kwa kazi hiyo, akiwaandikisha wakulima na kuwasisitizia neno moja.

"Pandeni pamoja," aliwaambia. "Mvua ya kwanza ya maana ikidondoka, wote shambani. Mkipanda pamoja, ndege na wadudu watagawana mashamba, hawatammaliza mtu mmoja."

Ulikuwa ushauri mzuri, na watu waliufuata. Walifyeka vichaka vilivyolala miaka mingi, wakang'oa visiki, wakaongeza mashamba hadi kwenye miguu ya vilima. Mvua ikanyesha vizuri. Alizeti ikachanua bonde zima kwa mara moja, ikawa manjano kutoka barabarani hadi macho yanapokoma, na wasafiri walikuwa wakisimamisha magari wapige picha.

Lakini alizeti iliyojaa huinamisha kichwa kwa uzito wa punje zake. Ile ya Haneti ilikauka ikiwa imesimama wima, imetazama mbele. Emiliana aliliona hilo mapema, akamwambia Gideoni, shemeji yake. Gideoni alimjibu kwamba mbegu za kisasa huenda hazina tabia ya kuinama.

Sasa kila nyumba ilikuwa inapepeta hewa, na Gideoni huyohuyo ndiye aliyeitisha mkutano.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, mwenye trekta pekee kijijini, na alikuwa amelima eneo kubwa kuliko mtu yeyote. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, akamwaga konzi ya punje kwenye kiganja cha Elieth.

"Puliza," alisema.

Elieth alipuliza. Punje zikatawanyika miguuni mwa watu.

"Mmeona? Tumepewa mbegu feki. Huyu binti ametuandikisha, ametuhimiza, ametuambia tupande pamoja. Leo tumevuna pamoja upepo. Nataka atuambie mbegu zile zilitoka wapi."

Watu walipaza sauti. Mmoja alitaka pikipiki ya Elieth izuiwe mpaka majibu yapatikane. Elieth alijaribu kueleza kwamba mifuko ilikuwa na alama za ubora, kwamba yeye mwenyewe aliotesha chache kwanza, lakini sauti yake ilimezwa. Machozi yalikuwa yamemfika machoni, na alikuwa akiyazuia kwa nguvu zote asiwape watu la kusema.

Emiliana alinyoosha mkono. Wengine waliguna, maana walimjua.

"Mimi nina swali," alisema. "Shamba langu lote ni mbegu ya mfuko mmoja. Huku juu ni mapepe, maganda matupu. Lakini kule chini, ukingoni mwa korongo, vichwa vimeinama na punje zimejaa. Mfuko mmoja, siku moja, jembe moja. Mbegu feki inajuaje kuwa imefika korongoni?"

Gideoni alicheka kwa kukereka. "Shemeji, wewe una maswali kuliko mtoto wa chekechea. Kule korongoni kuna unyevu."

"Na shamba lako la mbugani je? Kule kuna unyevu kunizidi, na umepata mapepe."

Mkutano uliisha bila uamuzi, watu wakaondoka wakinung'unika, na Elieth akaachiwa pikipiki yake.

Asubuhi iliyofuata, Emiliana alikuwa akikamua mbuzi aliposikia pikipiki ikizimwa nje.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umelala?"

"Sijalala," alisema Elieth, akavua kofia ngumu. "Nimekesha na swali lako. Nionyeshe hilo korongo."

Waliteremka shambani. Emiliana alikuwa hajamaliza kuvuna, kwa hiyo mistari ilikuwa bado imesimama kuanzia juu hadi chini. Elieth alifungua kisanduku chake cha kupimia udongo, akachukua udongo wa juu, wa kati na wa chini, akasubiri rangi zigeuke kwenye vichupa vyake. Alitaka sana tatizo liwe udongo. Udongo alikuwa ameusomea. Lakini rangi zilikuwa zilezile, juu na chini.

"Haya, si udongo," alisema, akaketi juu ya jiwe.

"Umekasirika?"

"Hapana, mama. Ila sasa sina kitu cha kumwambia Gideoni."

"Achana na Gideoni. Twende tukapapase vichwa."

Walianzia kwenye kichaka cha korongo, mahali ambapo trekta lilishindwa kufika, wakapanda polepole wakibonyeza vichwa. Vya mwanzo vilikuwa vigumu na vizito. Walivyozidi kukiacha kichaka, ndivyo vilivyozidi kuwa laini, mpaka juu kabisa vikawa vinaingia ndani vikibonyezwa. Ile hali haikubadilika ghafla kama inavyobadilika udongo au unyevu. Ilififia kidogokidogo, kama harufu ya mtu aliyeondoka.

"Kuna kitu kinatoka pale kichakani," alisema Emiliana.

"Kitu gani?"

"Ningejua, ningeuliza?"

Elieth alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Kisha Emiliana akakumbuka kipande chake cha pembeni. Mbuzi walikuwa wamekila kikiwa kichanga, akarudishia mbegu kwa kuchelewa, na sasa kilikuwa kinachanua peke yake wakati wenziwe wamekauka. Kilianzia palepale korongoni na kupanda mlimani kama utepe mwembamba. Walikaa kwenye mwisho wake wa chini wakatazama.

Elieth baadaye alisema kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu aanze kazi, kukaa shambani bila kuandika wala kufundisha mtu. Chini, karibu na kichaka, maua yalikuwa yakivuma. Nyuki waliingia na kutoka, miguu imejaa unga wa manjano. Walipohamia katikati, waliona nyuki mmoja mmoja. Juu kabisa walikaa hadi jua likawachoma shingo, na hakuja kitu isipokuwa nzi.

"Chavua," Elieth alisema taratibu.

"Nini?"

"Ule unga wa manjano. Ua la alizeti linahitaji unga wa ua la mmea mwingine ndipo lishike punje. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, mama. Nilipata alama zote. Sikuwahi kulifikiria tena."

"Basi umefikiria leo. Lakini una hakika?"

"Sina."

"Kwa hiyo tufanyeje ili tuwe nayo?"

Hapo ndipo walipoanza mchezo wao, maana Emiliana aliuita mchezo hata Elieth alipouita jaribio. Chini korongoni, kwenye nyuki wengi, walifunika ua moja lililokuwa linafunguka kwa kipande cha chandarua, upepo upite na nyuki wasipite, wakaacha la jirani yake wazi. Juu mlimani waliyaacha mengine yalivyo, na mawili wakawa wanayasuguanisha uso kwa uso, siku hadi siku, mpaka yakamaliza kuchanua. Kazi ya kusuguanisha aliifanya Emiliana kila asubuhi kabla ya kuteka maji. Majirani waliompitia waliulizana kama Yohane ameshaambiwa hali ya mkewe.

Vichwa vilipokauka, Elieth alirudi, wakavikata pamoja. Kile cha chini kilichoachwa wazi kilijaa hadi katikati. Jirani yake aliyefunikwa chandarua alikuwa mapepe karibu yote. Kule juu, vichwa vilivyoachwa vilikuwa vitupu, na vile viwili vilivyosuguliwa vilikuwa na punje nzito zilizotapakaa kama nyota, mahali zipo, mahali hazipo, kulingana na pale mkono wa Emiliana ulipogusa.

Elieth aliruka kama mtoto. Emiliana aliketi na kichwa cha alizeti mapajani, akikigeuzageuza.

"Nyuki walikuwapo hapa," alisema. "Nilipokuwa mdogo hukuweza kupita bondeni wakati wa maua bila kujifunika khanga. Wamekwenda wapi?"

Jibu la kwanza waliona wote wawili bila kusema: vichaka vilivyofyekwa. Na maua yote yalichanua kwa wakati mmoja, mengi kuliko wakati wowote, kwa nyuki wachache kuliko wakati wowote. Hapakuwa na mtu aliyekosea peke yake. Mbegu ilikuwa njema, ushauri ulikuwa mwema, na kufyeka walifyeka wote.

Lakini Emiliana alikumbuka pia kwamba kulikuwa na mtu wa nyuki. Obedi, Msandawe wa kule Chemba, alikuwa akija kila mwaka kutundika mizinga ya magogo kwenye migunga ya bondeni, akarina asali na kurudi kwao. Mwaka huu hakuonekana.

Walimfuata kwa pikipiki, nusu siku ya vumbi na mawe. Walimkuta kwake, mwanamume mwembamba wa makamo mwenye ndevu chache, akichonga mzinga chini ya kivuli cha paa. Alikuwa akizungumza na mkewe kwa lugha yao, na Emiliana alisimama mdomo wazi akisikiliza ile milio midogo ya ulimi iliyotumbukizwa katikati ya maneno.

"Mnafanyaje hiyo?" aliuliza hata kabla ya kukaa.

Mke wa Obedi alimwonyesha. Emiliana alijaribu, akatoa mlio wa mtu anayemfukuza kuku. Nyumba nzima ilicheka, na baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi.

Obedi alikisikiliza kisa chote. Alikipokea kile kichwa kilichofunikwa chandarua, walichokuja nacho, akapasua punje kadhaa, akakiweka chini.

"Mimi naijua njia ya nyuki," alisema. "Najua anapenda mti gani na anachukia moshi gani. Nilikuwa najua nyuki anafuata ua. Kwamba na ua linamsubiri nyuki, hilo nimelisikia leo."

"Basi rudi," alisema Emiliana. "Turudishie nyuki."

"Kwako wewe ningerudi. Lakini mama, unajua kwa nini niliondoka? Mgunga wangu mkubwa uliangushwa na trekta, mzinga ukiwa juu na watoto wa nyuki ndani. Niliukuta umepasuka, mchwa wameshauingia. Siwezi kutundika mizinga mahali ambapo sijui mti utaamka umesimama au umelala. Na wale wanaopuliza dawa ya wadudu mchana, maua yakiwa wazi, wanawaua nyuki wangu wakiwa kazini. Niambieni hayo yatakwishaje, nitakuja."

Trekta lilikuwa moja tu Haneti.

Elieth aliamua kuanzia mjini. Alifikiri kwamba kama serikali iliweza kuleta mbegu, haiwezi kushindwa kuleta mizinga. Walisafiri na Emiliana kwenda Dodoma, wakiwa na vichwa vinne vya alizeti ndani ya kiroba. Ofisi ya kwanza iliwapokea vizuri, ikawaeleza kwamba nyuki ni jambo la ofisi nyingine, inayoshughulika na misitu. Ofisi ya pili nayo iliwapokea vizuri, ikaeleza kwamba mizinga yao ni ya vikundi vya wafugaji nyuki walioko pembezoni mwa hifadhi, na alizeti ni jambo la kilimo. Waliporudi kwenye ile ya kwanza, walielekezwa kwa bwana mmoja aitwaye Wambura, mtu wa Mara, mnene, mwenye sauti ya taratibu, aliyehusika na mpango wa mbegu za mafuta.

"Shikamoo, mama," Wambura alimsalimia Emiliana, akavuta kiti. "Niambieni."

Elieth alianza kueleza kwa maneno ya chuo. Emiliana alifungua kiroba, akavipanga vichwa mezani kwa utaratibu wake, akamwomba yule bwana avibonyeze mwenyewe. Wambura alibonyeza. Alirudia cha kwanza. Alitoa miwani, akapasua punje juu ya kompyuta yake, maganda yakaanguka katikati ya vitufe.

"Hiki kilikuwa jirani na hiki?"

"Bega kwa bega. Tofauti yao ni chandarua tu."

"Mimi nimekulia kwenye pamba," alisema Wambura. "Nyuki tulimwona mdudu wa kung'ata." Akaegemea nyuma. "Sasa ngoja niwaambie ukweli. Mpango wetu una mbegu, una dawa, una maghala, una mafunzo. Nyuki hawana kifungu."

"Kifungu ni nini?" Emiliana aliuliza.

"Ni mahali pa kitu katika bajeti, mama. Kitu kisicho na kifungu, hata kikiwa kizuri namna gani, siwezi kukinunua."

"Nani anakipa kitu kifungu?"

Wambura alitabasamu. "Watu wengi, wakikaa pamoja, baada ya kuelewa. Huchukua muda."

"Basi sisi tumekuja mmoja wa hao watu aelewe. Umeelewa?"

Yule bwana alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka. Halafu akagonga kidole kwenye kichwa kimoja kitupu, akifikiri. Mwishowe alimuuliza Elieth kama Haneti ina shamba darasa. Elieth alisema haina, maana kila mwaka wanatafuta mahali na wanakosa.

"Shamba darasa lina kifungu," alisema Wambura. "Na ndani ya shamba darasa mnafundisha kinachohusu zao. Hakuna palipoandikwa kwamba nyuki si somo. Mbegu nitawapa, mafunzo nitayaleta. Mizinga tafuteni wenyewe kwa huyo mtu wenu. Halafu mwakani nitakuja kuona, nipate la kusema kwenye vikao."

Hawakurudi na mizinga, lakini walirudi na kitu. Ndani ya basi Emiliana alisema kwamba alidhani serikali ni nyumba moja, kumbe ni mtaa, na kila nyumba ina mlango wake.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mahali pekee palipofaa kwa shamba darasa na mizinga ni ule ukanda wa korongo, na sehemu kubwa ya ukanda ule ilikuwa ya Gideoni. Tena alikuwa amepanga kuisafisha kabla ya mvua.

Gideoni alikuja amenuna kwenye mkutano ulioitishwa na Elieth. Elieth alionyesha vichwa vinne, vikapita mkono kwa mkono, na watu wakabonyeza wakibishana kwa furaha. Gideoni alivibonyeza pia, kwa muda mrefu kuliko wengine. Kisha akasema kwamba haamini kwamba msimu mzima unaweza kuharibiwa na kukosekana kwa wadudu, na kwamba hawezi kuacha shamba lake liwe pori kwa ajili ya mchezo wa shemeji yake.

Obedi alikuwapo. Emiliana alikuwa amemwomba aje, akaja, na alikuwa amekaa nyuma. Sasa alisimama.

"Mzee Gideoni, mimi sikuja kuomba pori. Nimekuja kuuliza kuhusu mgunga ulioanguka."

"Mti ulikuwa katikati ya shamba langu. Sikujua kama una mzinga."

"Ulijua," alisema Obedi bila kupandisha sauti. "Dereva wako aliwakimbia nyuki akaliacha trekta likinguruma peke yake mpaka jioni. Haneti nzima inajua."

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wa pili, maana kila mtu alikumbuka yule dereva alivyopita barabarani akipiga makelele, shati kichwani. Gideoni alijaribu kushika uso wake, ukamshinda. Alijifuta kwa leso. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Nilijua," alisema. "Niliuona asubuhi ile. Nilikuwa na haraka ya mvua, nikasema nitamwona Obedi baadaye. Baadaye haikufika. Pole, ndugu yangu."

"Nimepoa," alijibu Obedi.

"Nitaacha ukanda. Mwaka mmoja tu. Nisipoona tofauti, trekta linaingia."

Walikubaliana pia kwamba anayepuliza dawa apulize jioni nyuki wakishalala. Juu ya kupanda walibishana sana. Elieth alipendekeza bonde ligawanywe, nusu wapande mvua ya kwanza na nusu wasubiri kidogo, ili maua yapokezane na nyuki wachache wayatoshe. Wakauliza, je, ndege? Elieth aliwaambia kweli kwamba ndege huenda wakawaumiza waliochelewa, na kwamba hajui itakuwaje. Walikuwa hawajawahi kumsikia bibi shamba akisema hajui. Wengine waliona ni udhaifu. Lakini wengi walikubali, kila mmoja kwa sababu yake.

Obedi alitundika mizinga yake kabla ya mvua. Mingine nyuki waliingia baada ya siku chache, mingine waliikataa kabisa, na mmoja ukaingiwa na ndege akataga. Elieth aliomba radhi kwa kila mzinga mtupu kama aliuchonga yeye, mpaka Obedi akamwambia kwamba nyuki hawaandikishwi, huja wakipenda.

Msimu haukuwa wa miujiza. Mvua ilikatika katikati, na waliochelewa kupanda walipata hasara ya ndege kama ilivyohofiwa. Emiliana mwenyewe alipoteza kipande cha juu kwa ndege hao, kwelea. Lakini karibu na korongo, na mbali zaidi kuliko mwaka uliopita, alizeti iliinama. Iliinama mpaka mabua ya pembeni yakavunjika. Shamba la mbugani la Gideoni, ambalo lilikuwa hewa tupu, lilijaa nusu nzima, na Gideoni alionekana akilizunguka mchana akibonyeza vichwa kimoja kimoja, akidhani hakuna anayemtazama. Aliposhauriwa na ndugu zake aingize trekta kwenye ukanda, maana mwaka umekwisha, aliwaambia wasubiri kwanza.

Kabla ya mavuno, maua yakiwa bado yapo, Wambura alikuwa amekuja kama alivyoahidi, akiwa na viatu vya ofisini. Alipiga picha nyingi, akauliza maswali mengi, akasogea mno kwenye mzinga, akaumwa kwenye sikio. Aliondoka sikio limevimba, ameshika chupa ya asali aliyopewa na Obedi, akisema kwamba sasa atakapolieleza jambo hili kwenye vikao, hawatasema amelisoma tu. Aliwaambia wazi kwamba hawezi kuahidi kifungu. Kuna wenzake wawili waliokwishaanza kuuliza, na kwa jinsi anavyowajua, mtu akishaanza kuuliza si rahisi kunyamaza.

Siku ile baada ya gari lake kuondoka, Emiliana, Elieth na Obedi walibaki shamba darasa. Alizeti ya nusu ya pili ilikuwa bado inachanua. Elieth alikuwa amepanda mistari ya mbegu ya ruzuku na, pembeni yake, mistari ya mbegu ya zamani aliyoipata kwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani, ili wakulima walinganishe.

"Hebu angalieni pale," alisema Emiliana.

Nyuki waliokuwa wakitoka mzingani walipita juu ya mistari ya kwanza, wakatua kwenye ya zamani. Wachache tu walishukia ile mipya, na hao nao hawakukaa.

"Pengine harufu," alisema Elieth.

"Pengine asali yake iko chini sana ndani ya ua, ulimi haufiki," alisema Obedi. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini ulimi ni uleule, na wiki iliyopita walitua kote. Sijui."

"Asubuhi wanafanya hivihivi, au ni mchana tu?" Emiliana aliuliza.

Hakuna aliyejua. Elieth alitazama saa, akatazama pikipiki yake kule barabarani, kijiji kingine kikimsubiri. Akavua kofia aliyokuwa ameshaivaa, akavuta gunia tupu, akalitandika katikati ya mistari miwili.

"Sogea kidogo, mama," alisema, akaketi.